Bwawa tunalo, jua la nini tena?

Msomaji wa Tabata, ambaye mchana anauza na kufunga vifaa vya sola Kariakoo na jioni anasoma shahada ya uzamili ya usimamizi, ameniletea swali hili:

"Shikamoo mhandisi. Tangu Bwawa la Nyerere likamilike tunaambiwa umeme upo wa kutosha na kubaki. Darasani nimepewa kazi ya kueleza jinsi mkurugenzi wa shirika la umeme la taifa anavyoweza kulihamishia shirika lake kwenye nishati jadidifu. Wenzangu wananicheka, wanasema TANESCO ilishahama, maana maji nayo ni jadidifu. Je, wamekosea? Na kama kazi bado ipo, bosi aanzie wapi bila kuturudisha kwenye mgao? Halafu sisi wa sola za juu ya paa, atatuona washirika au wezi wa wateja wake?"

Marahaba, mwanangu. Wenzako wamesema kweli, ila wameishia njiani. Maji ni nishati jadidifu, hilo halina ubishi. Na tangu mtambo wa mwisho kati ya tisa ya Bwawa la Julius Nyerere uingizwe kwenye gridi mwaka 2025, nchi ina mitambo yenye uwezo unaozidi megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu ya siku yanachezea kwenye megawati 2,000 hivi. Anayetazama namba hizo mbili peke yake lazima aone kazi imekwisha. Mimi niliyekula mshahara wa chumba cha kuendeshea gridi naona ndiyo kwanza inaanza, na afadhali nikuonyeshe kwa hesabu kabla ya maneno.

Chukua kalamu. Mitambo tisa ya Nyerere, kila mmoja megawati 235, ndiyo hiyo 2,115 inayoimbwa. Ingezunguka yote usiku na mchana mwaka mzima, ingetoa uniti zaidi ya bilioni 18.5, uniti hizi hizi unazonunua kwa LUKU. Lakini wasanifu wa bwawa hawakuahidi hivyo. Hesabu yao ni uniti bilioni 5.92 kwa mwaka, chini ya theluthi moja. Zigawe kwa saa zote za mwaka, utapata wastani wa megawati 676. Hakuna aliyedanganya hapo. Mitambo imefungwa mingi kwa makusudi, ili jioni watu wakirudi nyumbani ifunguliwe kwa nguvu na usiku wa manane ipumzishwe. Maji ya Rufiji hayawezi kuizungusha yote muda wote, na tangu mwanzo haikutarajiwa hivyo.

Sasa kaa na ramani. Mtera iko kwenye Mto Ruaha Mkuu. Maji yakishazungusha megawati 80 za pale, yanateremka hadi Kidatu kuzungusha nyingine 204, kisha yanaingia Rufiji na kukutana na Nyerere. Tone moja linafanya kazi mara tatu, jambo ambalo kihandisi ni raha tupu. Kihansi, yenye megawati 180, inamwaga maji yake Kilombero, na Kilombero ndio mlishaji mkubwa wa Rufiji. Jumlisha vituo hivyo vinne: megawati 2,579, na vyote vinakunywa bonde moja. Mvua zikigoma nyanda za juu kusini, haikauki Mtera peke yake. Hale, Pangani na Nyumba ya Mungu ziko bonde jingine, lakini kwa pamoja hazifiki hata megawati 100.

Wa rika langu hatuhitaji kusimuliwa hili. Mtera ikijaa husoma mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na ikishuka hadi 690 inatakiwa mitambo isimame. Kuna miaka nchi nzima ilikuwa ikifuatilia hizo mita nane na nusu kwenye taarifa ya habari. Mwaka 2006 ukame ulitufikisha kwenye mgao mkali, na haraka ya kutafuta umeme wa dharura ndiyo iliyozaa sakata la kampuni ya Richmond ambalo Februari 2008 lilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Kina cha bwawa kikaangusha serikali. Mwaka 2011 mgao ukarudi, mwishoni mwa 2022 ukarudi, 2023 ukarudi. Usidhani bwawa kubwa linaondoa hatari hiyo. Watazame jirani zetu wa Zambia, ambao zaidi ya asilimia 80 ya umeme wao ulitoka kwenye maji: mwaka 2024 Ziwa Kariba lilishuka vibaya, na watu wa Lusaka wakawa wanakaa gizani sehemu kubwa ya siku. Kariba ni mojawapo ya mabwawa makubwa kabisa duniani. Ukubwa haukuwasaidia.

Kwa hiyo mkurugenzi wa shirika la umeme hapa kwetu ana kazi tofauti na mwenzake wa Afrika Kusini. Yule anahama kutoka makaa ya mawe. Huyu wa kwetu anahama kutoka kwenye kutegemea mvua, na gesi iko kando kama akiba. Weka hilo mwanzoni mwa kazi yako ya darasani, maana ukinakili mifano ya Ulaya utajikuta unafunga mitambo ambayo hatuna na kusahau tuliyonayo.

Ndipo jua linapoingia. Bwawa ni kibubu, jua ni kibarua cha kila siku: ukipata kibarua, kibubu hukivunji. Kila uniti inayotoka kwenye sola mchana ni maji yaliyobaki bwawani kwa ajili ya jioni, au kwa ajili ya Novemba, au kwa ajili ya mwaka ujao kama vuli haikunyesha. Megawati 1,000 za sola, kwa jua la Kanda ya Kati na Shinyanga, zinaweza kutoa kama uniti bilioni 1.75 kwa mwaka, kwa kukadiria kwamba mitambo inafanya kazi kwa asilimia 20 ya uwezo wake. Hiyo ni karibu asilimia 30 ya kile ambacho Nyerere anatarajiwa kutoa, na haijagusa tone la maji. Tena jua letu huwa kali wakati ule ule ambao mito imekonda. Ukitaka sababu moja ya kumshawishi mjumbe wa bodi anayeuliza kwa nini tununue sola wakati umeme umezidi, mpe hiyo, halafu nyamaza aifikirie.

Atakujibu, na atakuwa na hoja, kwamba mwaka 2024 mvua zilikuwa nyingi hadi mitambo kadhaa ya maji ikazimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Kweli. Ndiyo maana mimi si miongoni mwa wanaotaka shirika lisaini megawati elfu moja kwa mpigo. Ningenunua kidogo kidogo, megawati mia au mia na hamsini kwa kila zabuni, mwaka hadi mwaka, kwa kadiri mahitaji yanavyokua. Na yanakua: treni ya umeme inaenda Dodoma tangu 2024, migodi ya Kanda ya Ziwa inaingia gridi, na serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Familia ikiacha mkaa na kuhamia jiko la presha la umeme, inaongeza mzigo saa ile ile ambayo kila mtu amewasha taa na televisheni.

Uruguay walikwenda kwa njia hiyo ya zabuni. Walikuwa na mabwawa kama sisi, na ukame ukawatesa kama sisi. Shirika lao la umma, UTE, likanunua umeme wa upepo kwa zabuni na mikataba ya miaka ishirini, wakaweka upepo mbele na maji nyuma kama akiba, na ndani ya muongo mmoja zaidi ya asilimia 90 ya umeme wao ukawa jadidifu. Kinachonivutia kule ni kwamba mwaka 2010 vyama vyote vikuu vya siasa vilikubaliana juu ya mwelekeo huo, hivyo uchaguzi ukipita mradi haupinduliwi. Linganisha na kiti cha Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO: kati ya Septemba 2021 na 2025 kimekaliwa na Maharage Chande, kisha Gissima Nyamo-Hanga, Mungu amrehemu, aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 2025, kisha Lazaro Twange. Mradi wa umeme kuanzia upembuzi hadi kuwasha unachukua miaka mingi kuliko mkurugenzi anavyokaa. Kwa hiyo kipimo changu cha kiongozi wa mabadiliko haya ni kile atakachokiacha kwenye mpango mkuu wa umeme, kwenye kanuni na kwenye mikataba, kwa namna ambayo anayekuja hawezi kukitupa kirahisi. Utepe wa uzinduzi aukate nani, hilo halina uzito.

Sasa aanzie wapi. Wengi wangetaja paneli. Mimi ningemwambia aanzie Ubungo, kwenye chumba cha kuendeshea gridi, na aende kuanzia saa kumi na mbili jioni akae kimya nyuma ya watu wa zamu.

Mle ndani kuna namba moja inayotazamwa kuliko zote: hetsi 50, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Ikishuka, umeme unaotumika umezidi unaozalishwa. Ikipanda, ni kinyume chake. Jua la Dar es Salaam linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, mwaka mzima, na saa moja hiyo hiyo ndipo mzigo wa jiji unapoanza kupanda: taa, feni, pasi, hita ya maji, friji za magenge zinazofunguliwa kila dakika. Namba inaanza kutetereka, 49.9, 49.8. Mtu wa zamu anapiga simu: "Kidatu, ongezeni ishirini." Kidatu wanafungua maji, namba inarudi. Dakika kumi baadaye simu nyingine. Inaendelea hivyo hadi saa nne usiku, watu wanapoanza kulala. Sasa mwongezee mtu huyo megawati mia tano za sola ambazo zinazima zote ndani ya saa moja, saa hiyo hiyo mzigo unapopanda. Badala ya ngazi anakuwa na ukuta wa kupanda. Mchana nako kuna kazi: wingu zito likipita juu ya shamba la paneli, uzalishaji unaweza kushuka kwa zaidi ya nusu ndani ya dakika chache, na lazima kitu kingine kiruke kuziba pengo.

Bahati yetu ni kwamba mitambo ya maji ndiyo inayoruka vizuri. Nyerere na Kidatu vinaweza kupanda na kushuka haraka kuliko mtambo wowote wa makaa. Nchi nyingi zingetamani kuanza safari ya jua zikiwa na akiba ya maji ya namna hii mkononi. Lakini haitokei yenyewe. Inahitaji utabiri wa mawingu wa saa kwa saa, ambao shirika lingeununua au kuujenga pamoja na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Inahitaji mitambo ya maji irekebishwe ili ipokee amri moja kwa moja badala ya kungoja simu. Inahitaji betri kubwa kwenye vituo vichache vya kupoza umeme, kwa ajili ya zile sekunde za mwanzo ambazo hata maji hayawahi. Na inahitaji watu wa zamu wapimwe kwa kipimo kipya. Mazoea ya miaka yote yamekuwa kwamba maji ni umeme wa bure, basi yatumike kwanza. Kwenye mfumo wa jua mwendeshaji anatakiwa kuyazuia mchana ili yawepo jioni, na kama bosi atamuuliza tu iwapo umeme ulikatika au haukukatika, hatakuwa na sababu ya kuyazuia.

Nimeona jambo hili likidharauliwa mara nyingi. Idara ya mipango inaandika megawati kwenye jedwali, idara ya uendeshaji inazikuta mlangoni siku ya kuwasha. Mkurugenzi akifanikiwa kuwakalisha hao wawili meza moja tangu siku ya kwanza ya mradi, amefanya zaidi ya nusu ya kazi.

Baada ya chumba hicho, njia. Kenya walijenga karibu na Ziwa Turkana shamba la upepo la mashine 365, megawati 310. Mashine zilikuwa tayari mwaka 2017, njia ya kusafirishia umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa ikakamilika 2018. Upepo ulivuma bure, na kwa mujibu wa mkataba mlipakodi akalipia umeme ambao haukumfikia. Somo hilo linatuhusu, kwa sababu jua letu bora liko Shinyanga, Singida na Dodoma, na walaji wakubwa wako Dar es Salaam, ambako pia ndiko gesi inakochomwa. Ndiyo maana naupenda mradi wa Kishapu, Shinyanga, wa megawati 150 ambao awamu yake ya kwanza ni 50, unaogharimiwa kwa mkopo wa Wafaransa. Megawati 50 ni kidogo, najua. Lakini uko jirani na uti wa gridi wa msongo wa kilovoti 400 unaotoka Iringa hadi Shinyanga, na uko upande wa migodi. Umeme wake utaliwa karibu na ulikozaliwa.

Kumbuka kelele za Machi 2025, Rais Samia aliposema Kanda ya Kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. Mitandaoni watu waliuliza tuna bwawa, tunanunua nini? Jibu ni umbali. Umeme unaotoka Rufiji hadi Arusha unapotea njiani, na volti zinachoka kabla hazijafika. Kuunganishwa na Kenya kwa msongo wa kilovoti 400 kupitia Namanga, na Zambia upande wa pili, ni sehemu ya safari ya nishati jadidifu hata kama hakuna paneli hapo. Mvua za Ethiopia na za kwetu hazikauki siku moja. Ukiwa na ziada unauza, ukiwa na upungufu unanunua. Mkurugenzi asiyeweza kulieleza hilo kwa lugha ya mama ntilie ataliona likigeuzwa kashfa.

Halafu fedha, ambako mashirika mengi ya umeme ndiko yanakofia. Mteja mdogo wa daraja la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kawaida wa T1 analipa 292 kabla ya kodi na tozo. Maana yake wa pili anambeba wa kwanza, na kisiasa ni sawa, lakini mtu anayesaini mikataba ya miaka ishirini lazima ajue fedha inatoka wapi. Tumeshaungua. Mkataba wa mwaka 1995 na IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, ulikuwa na tozo ya uwezo, ikilipwa hata mtambo ukiwa umezimwa, na mgogoro wake ndio uliotuletea sakata la akaunti ya Tegeta Escrow mwaka 2014. Sola inatoa nafasi ya kuandika mkataba tofauti: lipa kwa uniti iliyofika, basi. Ila angalia sarafu. Mwekezaji atataka dola, LUKU inauzwa kwa shilingi, na shilingi ikiteleza pengo linakuwa la shirika. Ningepigania sehemu ya malipo iwe ya shilingi hata kama bei ya mwanzo inaonekana juu kidogo, na ningependa mifuko yetu ya pensheni iwe miongoni mwa wakopeshaji. Mkataba wa Songas, wazalishaji wa umeme wa gesi pale Ubungo, uliodumu miaka ishirini, ulifika ukomo Oktoba 2024. Mikataba inapoisha ndipo mkurugenzi ana nguvu. Akiwa na kalenda ya tarehe zote za ukomo ukutani kwake, anajua lini atakaa mezani akiwa hana haraka.

Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay tuiache mahali pake. Hapa nitagombana na wanaharakati. Mitambo ya Kinyerezi ndiyo bima yetu mwaka wa ukame, na mkurugenzi atakayeahidi kuifunga kipindi chake anatafuta kichwa cha habari. Aipunguzie saa za kazi, aitunze, ahakikishe inawaka ikiitwa. Gesi isiyochomwa leo haiozi.

Dizeli ndiyo isiyo na utetezi. Majenereta ya Kigoma yalizimwa Oktoba 2022 mkoa ulipofikiwa na gridi. Sehemu kama Mafia, kisiwa ambacho kimekuwa kikiendeshwa kwa dizeli, ndiko ningeanza na sola na betri, kwa sababu bei ya kushindana nayo ni kubwa na mfumo ni mdogo, vijana wetu wakajifunza bila kuhatarisha gridi nzima. Na hapo lazima uwataje watu. Afrika Kusini, Eskom walizima kituo cha makaa cha Komati Oktoba 2022, na malalamiko ya wenyeji kuhusu ajira hayajaisha. Fundi wa jenereta aliyeshika spana miaka ishirini hawezi kuambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu ni fundi wa betri. Afundishwe mapema, wakati jenereta bado linanguruma.

Upepo na jotoardhi nitapita haraka. Upepo wa Singida na Makambako una sifa nzuri, huvuma zaidi kiangazi wakati mito imepungua, lakini kilichopo kwenye gridi hadi sasa ni kidogo kama kile cha Mwenga, Mufindi, megawati 2.4. Jotoardhi ya Ngozi, Mbeya, ni kamari ya kuchimba. Kenya walifika walipofika Olkaria kwa sababu serikali ilikubali kubeba gharama ya visima vitupu. Bila hilo hakuna mwekezaji atakayekuja.

Kuna mtu mmoja ambaye vitabu vya usimamizi haviwezi kukutajia: mkulima wa mpunga wa Mbarali. Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na mashamba ya Usangu yanayochota maji upande wa juu wa mto ni sehemu ya sababu. Maji yasipofika Mtera hayafiki Kidatu. Mkurugenzi wa umeme anayejali jadidifu anapaswa kuwa na kiti cha kudumu kwenye mazungumzo ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji kule Iringa, na mfuko wa kuchangia mifereji isiyovujisha. Kila lita inayookolewa shambani inazungusha mitambo vituo vitatu. Sijui uwekezaji mwingine wa umeme wenye faida ya namna hiyo, na haumo kwenye bajeti ya mtu.

Nirudi kwako wewe na paa lako. Bosi mwenye woga atakuona mwizi, na ana sababu. Ukimfungia sola mwenye kiwanda Chang'ombe, au mwenye nyumba ya viyoyozi vitano Mbezi Beach, unapunguza mauzo kwa wateja wale wale wanaombeba D1. Wakitoka wengi wa namna hiyo, bei kwa waliobaki inapanda, nao wanatafuta sola, na shirika linabaki na nguzo na wateja wa shilingi mia. Lakini tazama saa. Desemba hadi Machi, viyoyozi vya maofisi ya Posta na Masaki vinavuta umeme mwingi saa sita hadi saa tisa mchana, jua likiwa utosini. Sola ya paa inapunguza mzigo pale pale, kabla haujapita kwenye transfoma iliyochoka ya mtaa. Shirika linaokoa kubadilisha transfoma, linaokoa upotevu wa njiani. Mkurugenzi mjanja atatenganisha bei ya waya na bei ya uniti: mwenye sola alipie huduma ya kuunganishwa, kwa kuwa usiku anaihitaji, na uniti anazorudisha zihesabiwe kwa mita inayosoma pande mbili. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walishatunga kanuni za utaratibu huo. Kinachokosekana ni dawati linalopokea ombi lako na kulijibu ndani ya wiki badala ya miezi. Ningekuwa mimi, dawati hilo lingekuwepo kila ofisi ya wilaya ya Dar es Salaam kabla sijasaini zabuni hata moja ya Shinyanga.

Na wewe usimpe sababu ya kukukataa. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, unayomfungia mteja wa gridi iwe ile inayojizima yenyewe gridi inapozimika. Ukifunga ya bei poa isiyojizima, sola inaendelea kusukuma umeme kwenye waya wa mtaa, na fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa anaikuta hai. Ajali moja tu ya hivyo Tabata au Sinza, na kanuni za paa zitafungiwa kabatini muda mrefu. Paneli zielekeze kaskazini na uziinamishe kama digrii kumi, mvua izioshe vumbi. Kwa wateja wa Msasani na Kigamboni tumia vyuma vya alumini na boliti zisizoshika kutu, maana chumvi ya bahari haina huruma. Mkabidhi mteja mchoro wa alichofungiwa, na nakala yake upeleke ofisi ya wilaya hata kama hawajakuomba.